Tarehe Imepita na Mtoto Bado: Mwongozo Kamili wa Kuamua Utakavyojifungua Ukiwa Nairobi

Swali huja kwa maneno tofauti lakini ni lilelile: "Sista, nimepitisha siku tano, nifanye nini uchungu uanze?" Nikiuliza ana wiki ngapi, ananitajia tarehe. Nikiuliza tarehe hiyo ilitoka wapi, kimya. Nikiuliza kliniki walimwambia nini, ni "nirudi wiki ijayo."

Wengi wanakwama hapo, na si kwa ujinga. Hakuna aliyewapangia mambo yafuatane vipi. Wanatafuta cha kuleta uchungu kabla ya kujua kama tarehe imepita kweli, na wanabishana na mama mkwe kuhusu upasuaji kabla mtu yeyote hajapima mlango wa kizazi.

Mimi ni mkunga, na miaka yangu mingi imekwisha kwenye wodi za uzazi za Eastlands. Utaratibu huu ndio ninaowapa kina mama ana kwa ana. Usome ukiwa wiki ya 38. Ukisubiri hadi 41 utakuwa unausoma huku simu ikiita kila dakika: "Bado tu?"

## Mambo yasiyongoja hatua yoyote

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma uende hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku:

- Mtoto amepunguza kucheza au ametulia kabisa.
- Damu inatoka, si ule ute wenye michirizi midogo.
- Maji yamepasuka, hasa yakiwa ya kijani au ya kahawia.
- Kichwa kinauma sana, unaona vimulimuli au ukungu, au una maumivu makali chini ya kifua.
- Homa, degedege, au tumbo gumu linalouma bila kuachia.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki.
- Ripoti ya skani yako ya kwanza kabisa. Karatasi yenyewe, usitegemee kumbukumbu.
- Kalenda, ya ukutani au ya simu.
- Kitambulisho, na uthibitisho kwamba SHA yako (bima ya afya ya serikali) iko hai.
- Kundi lako la damu. Mara nyingi limeandikwa kwenye kijitabu. Lione kwa macho yako.
- Kama ulishawahi kupasuliwa, barua uliyopewa ulipotoka hospitali, inayoeleza mfuko wa uzazi ulikatwa vipi.
- Daftari na kalamu.
- Nauli ya teksi ya usiku, imefungwa pembeni, haiguswi na deni la gesi.
- Mtu mmoja wa kwenda naye. Mmoja. Wakija watatu, daktari atakuwa anajibu maswali yao badala ya yako.

## Hatua ya 1: Hakikisha tarehe imepita kweli

Mimba nyingi zinazoitwa "zimepitiliza" hazijapitiliza. Hesabu ndiyo iliyokosewa. Ndiyo maana tunaanzia hapa.

Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwenye kijitabu, siku hiyo imeandikwa kando ya herufi LMP, na tarehe ya kujifungua kando ya EDD. Kwa kuwa 280 inagawanyika kwa saba, tarehe yako huangukia siku ileile ya wiki ambayo hedhi ilianza. Tuseme ilianza Jumanne tarehe 10 Machi: wiki 40 zinatimia Jumanne tarehe 15 Desemba, wiki 41 tarehe 22, na wiki 42 tarehe 29. Kila Jumanne umemaliza wiki nyingine. Ile njia ya haraka ya kliniki, ya kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3, itakupa tarehe 17. Tofauti ya siku mbili isikusumbue.

(Tazama pia zilikoangukia tarehe hizo. Krismasi, nusu ya Nairobi iko ushago, wahudumu wako likizo. Anayejua hilo mapema hupanga mapema.)

Hesabu ya hedhi huaminika kama mzunguko wako hutulia kwenye siku 28 hivi na unaikumbuka tarehe vizuri. Kama ulikuwa umetoka kwenye sindano ya kupanga uzazi, ulikuwa unanyonyesha, au hedhi yako huja ikipenda, itegemee skani. Lakini skani ipi?

Ya kwanza. Skani iliyopigwa kabla ya wiki ya 14 hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Iliyopigwa baada ya wiki ya 28 inaweza kukosea kwa wiki tatu, mbele au nyuma, kwa sababu hapo mashine inakisia umri kutokana na ukubwa wa mtoto, na ukubwa unatofautiana mtoto kwa mtoto. Ubaya ni kwamba mtoto aliyeacha kukua vizuri tumboni huonekana "mdogo kwa umri", na tarehe inasogezwa mbele wakati yeye ndiye asiyepaswa kungoja.

Kuna mama mmoja alikuja jioni akiwa na skani ya wiki ya 36 mkononi, karatasi nzuri inayong'aa, na kwa hesabu yake siku hiyo alikuwa na wiki 39. Nikamwomba ya kwanza. Akaitoa chini kabisa ya mkoba, imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia: ilipigwa wiki ya 9. Kwa hiyo ya zamani alikuwa na wiki 41 na siku 4. Tulipopima maji ya uzazi, yalikuwa yamepungua. Alilazwa usiku uleule.

Onyo: tarehe iliyowekwa na skani ya mapema haibadilishwi na skani ya mwisho. Mtu akiibadilisha, muulize kwa nini, kwa upole.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kusema bila kubabaika: "Leo nina wiki 40 na siku 3, kwa skani ya wiki ya 11."

## Hatua ya 2: Jua kama wewe ni wa kungoja

Kila kitakachofuata kinamhusu mama mzima, mwenye mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, asiye na ugonjwa. Usikitumie kama una presha, kisukari, mapacha, mtoto aliyekaa matako au kukingama, kondo la nyuma lililoziba njia, mtoto aliyeambiwa hakui vizuri, au kama uliwahi kupoteza mtoto mwishoni mwa mimba. Kwa hali hizo uamuzi hufanywa kabla ya wiki ya 40, mara nyingine mapema zaidi. Kama uko huko na bado unaambiwa "ngoja tu", tafuta daktari wa uzazi wiki hii.

Mwenye kovu la upasuaji ana sehemu yake mbele.

## Hatua ya 3: Sikiliza mtoto anasema nini

Kuna msemo nausikia Nairobi nzima: mtoto hutulia karibu na kuzaliwa kwa sababu nafasi imebana. Si kweli. Mateke yanaweza kugeuka kuwa kujisukuma na kujinyoosha, lakini hayapungui.

Fanya hivi kila siku tangu wiki ya 38. Chagua saa ambayo mtoto wako huwa mchangamfu. Kwa wengi ni baada ya chakula cha jioni. Lala ubavu wa kushoto, weka simu mbali, weka mkono tumboni, uhesabu. Mijongeo 10 ndani ya saa mbili ni kawaida, na wengi huifikisha mapema zaidi. La muhimu kuliko namba ni tabia ya mtoto wako mwenyewe: kama hucheza saa tatu usiku na leo kumekuwa shwari, hiyo ni habari.

Onyo: usinywe soda baridi "kumwamsha" kisha ukalala. Soda haitibu kitu, inakupotezea saa.

Ukifika wiki ya 41 na uchungu haujaanza, omba vipimo viwili. Cha kwanza ni mkanda wa tumboni unaoandika mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika 20 au zaidi. Tunataka kuona moyo ukipanda mtoto anapojitikisa. Cha pili ni skani ya kupima maji. Mfuko wenye kina kirefu zaidi wa maji ukiwa chini ya sentimita 2, maji ni machache, na hapo mazungumzo ya kungoja yamekwisha.

Kwa nini wiki hizi? Kondo la nyuma lina umri wake. Kadiri wiki zinavyosonga baada ya 40, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda: bado ni ndogo wiki ya 41, na inaongezeka zaidi kuelekea 42. Mtoto pia huweza kunya ndani ya maji na kuyavuta mapafuni, au kunenepa hadi mabega yakakwama. Sisemi haya kukutisha. Nasema ujue kwa nini hospitali inaitazama kalenda.

Na jua jambo hili moja: majibu mazuri ya leo ni ya leo na siku chache zijazo. Ukiamua kungoja, vipimo hurudiwa, kwa kawaida mara mbili kwa wiki.

## Hatua ya 4: Pima mlango wa kizazi

Kipimo hiki ndicho kina mama hukikataa kwa aibu, halafu wanashangaa kwa nini siku mbili zimepita wodini bila mtoto.

Daktari au mkunga huingiza vidole viwili na kutazama mambo matano: mlango umefunguka kiasi gani, umekuwa mfupi kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea mbele au nyuma, na kichwa kimeshuka hadi wapi. Kila jambo hupewa alama, na jumla huitwa hesabu ya Bishop. Alama 8 na kuendelea, mlango umeiva: kuanzishiwa uchungu kuna nafasi karibu sawa na uchungu uliokuja wenyewe. Alama 6 kushuka, bado ni mbichi, utahitaji dawa au puto la kuulainisha kwanza.

Ni kama kugusa embe kabla ya kulikata, nawaambia kina mama, na wanacheka, misuli inalegea, kipimo kinaisha. Ukipimwa, pumua kwa mdomo, legeza magoti. Na uliza: "Alama ngapi?" Iandike daftarini.

## Hatua ya 5: Pima njia zenyewe

Sasa unazo namba tatu: wiki, hali ya mtoto, alama ya mlango. Bila hizo, mjadala wowote ni soga.

### Kungoja

Kabla ya wiki 41, kama mtoto na mama wako sawa, kungoja ni chaguo halali na ndilo la kawaida. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuanzisha uchungu kabla ya wiki 41 kwa mimba isiyo na tatizo. Ni watoto wachache mno, kama 1 kati ya 20, wanaozaliwa siku yenyewe iliyoandikwa.

Shosho atakwambia subira huvuta heri. Ni kweli, ila subira hii ina kalenda. Kungoja bila vipimo na bila tarehe ya mwisho si kungoja, ni kubahatisha.

### Kutenganisha utando

Wodini tunaiita swipu. Mhudumu anayekupima huzungusha kidole ndani ya mlango ili kuutenganisha utando wa maji na ukuta wa mfuko. Hatua hiyo huamsha homoni za mwili wako mwenyewe. Haihitaji kulazwa wala dawa, na hupunguza idadi ya wanaofika kuanzishiwa rasmi. Inauma kwa dakika moja au mbili, na unaweza kuona ute wenye damu kidogo na mikazo isiyo na mpango usiku huo. Haifanyi kazi kwa kila mtu. Mlango uliofungwa kabisa hauwezi kufanyiwa.

Mimi huipendekeza kwa anayekaribia wiki 41 na hataki dripu. Lakini ni lazima uombwe ruhusa kwanza. Ikifanywa kimyakimya "nilipokuwa nakupima tu", hilo ni kosa, na una haki ya kulisema.

### Kuanzishiwa uchungu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzishiwa kwa mama ambaye ana uhakika amefikisha wiki 41. Hapa ndipo hofu kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hofu ya kwanza: "Ukianzishwa lazima utapasuliwa." Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 34 yenye wanawake zaidi ya 21,000, wakilinganisha walioanzishiwa karibu na tarehe au baada yake, na walioachwa wangoje. Upasuaji ulikuwa mchache kidogo kwa walioanzishiwa. Na kwenye majaribio yaliyohesabu vifo, katika watoto karibu 19,000, vifo vilikuwa 4 upande wa walioanzishiwa na 25 upande wa waliongoja. Ukiangalia mama mmoja mmoja, hatari ni ndogo pande zote mbili. Inabidi kuanzishia mamia ya wanawake kuzuia kifo kimoja. Lakini huyo mmoja ana jina nyumbani kwao.

Kwa nini basi kila mtu anamjua jirani aliyeanzishwa akapasuliwa? Kwa sababu jirani huyo mara nyingi alianzishwa kwa presha au kwa mtoto aliyechoka, tatizo lilikuwapo tayari. Au alianzishwa mlango ukiwa mgumu, akakatiwa tamaa mapema mno.

Hofu ya pili: uchungu wa dawa ni mkali zaidi. Hiyo ina ukweli. Dripu hupandisha mikazo haraka kuliko mwili unavyozoea, na mkanda au kupimwa mara kwa mara hukuzuia kuzunguka. Uliza mapema kuhusu dawa za maumivu. Hospitali hazifanani katika hilo.

Hofu ya tatu, ambayo watu hawana na wangepaswa kuwa nayo: dawa ikizidi, mikazo hufuatana bila nafasi na mtoto hukosa hewa, au mfuko hupasuka. Ndiyo maana kuanzishiwa hufanywa hospitali yenye thieta (chumba cha upasuaji), si kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa. Kidonge cha kawaida cha misoprostoli, dawa inayotumika sana kuanzishia, kina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzishia uchungu ni 25, yaani thumuni ya kidonge. Anayekuuzia kimoja kizima "umeze usiku uende asubuhi" amekupa mara nane.

### Upasuaji uliopangwa

Kupita tarehe peke yake si sababu ya kupasuliwa. Upasuaji unafaa mtoto akiwa amekaa vibaya, kondo likiwa limeziba njia, moyo wa mtoto ukiwa haupendezi kabla hata ya uchungu, au kukiwa na makovu ya awali yanayozuia.

Faida yake ni kujua saa. Gharama ni tumbo lililofunguliwa, wiki sita hivi za kupona huku ukibeba mtoto ngazi za ghorofa ya nne bila lifti, hatari zaidi ya damu na maambukizi, na kovu litakaloandamana na kila mimba ijayo. Kondo la nyuma huweza kung'ang'ania pale penye kovu, na hatari hiyo hukua kila upasuaji unapoongezeka. Kama unataka watoto wanne, hesabu hiyo ifanye sasa.

Mtu akikwambia "mtoto ni mkubwa" kwa skani ya mwisho, kumbuka kwamba skani hiyo hukisia uzito, na hukosea kwa mamia ya gramu. Uliza kama sukari yako ilipimwa.

### Kwa aliyepasuliwa awali

Kama una kovu moja la chini, la kukingama, na sababu ya upasuaji wa kwanza haijirudii, wanawake 60 hadi 80 kati ya 100 wanaojaribu kuzaa kawaida hufanikiwa. Hatari ya kovu kuachia ni kama 5 hadi 9 kwa kila wanawake 1,000, na ikitokea ni dharura ya dakika. Kwa hiyo ni lazima iwe hospitali yenye thieta, damu na daktari usiku kucha.

Onyo: misoprostoli haitumiki kwa mwenye kovu. Itamke hiyo kwa kila zamu inayobadilika: "Nina kovu." Usidhani wamesoma faili.

### Mitishamba, mafuta na nanasi

Mafuta ya mbarika huleta kuhara na kutapika, na mama huingia leba akiwa amekauka maji. Dawa za mizizi za kuchemsha siziruhusu kabisa. Nyingine zina nguvu ya kweli ya kukaza mfuko, na hakuna ajuaye kipimo. Nimepokea wanawake waliokana kwamba wamekunywa chochote huku mikazo ikigongana. Kama umekunywa, sema. Hatutakugombeza, na atakayekugombeza amekosea. Tunahitaji kujua kabla ya kuongeza dawa nyingine.

Tende ni jambo jingine. Kina mama wa Eastleigh wamezila mwisho wa mimba miaka yote, na tafiti ndogo zinaonyesha zinaweza kusaidia mlango kuiva. Kula, kama huna kisukari. Kutembea hakuna ubaya. Tendo la ndoa halidhuru kama maji hayajapasuka na kondo halijaziba njia, wala halina uhakika. Nanasi ni tunda tamu, basi.

## Hatua ya 6: Chagua mahali, pesa na barabara

Kituo cha afya cha mtaani ni kizuri kwa kliniki na kwa uchungu uliokuja wenyewe. Baada ya wiki 41, au kwa kuanzishiwa, unahitaji hospitali yenye thieta inayofanya kazi usiku na damu ya akiba. Kwa upande wa umma, Nairobi ina Pumwani, Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, miongoni mwa nyingine. Nenda siku ya kawaida kabla ya tarehe. Uliza: mnaanzisha uchungu siku zipi? Mnatumia nini? Thieta ikijaa mnapeleka wapi?

Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, na Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kulipia uzazi, ikaingia humo kwa jina la Linda Jamii. Piga *147# uone kama umesajiliwa na kama mchango umelipwa. Usilifanye hilo ukiwa kwenye foleni ya mapokezi. Viwango vilivyotangazwa ni shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya binafsi inaweza kudai nyongeza kubwa juu yake, kwa hiyo omba makadirio ya yote mawili kwa maandishi. Anayepanga kuanzishiwa apange pesa za upasuaji vilevile.

Barabara nayo. Jaribu safari yako mara moja saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha ukiweza. Kutoka Utawala au Kayole, Jogoo Road inaweza kukumezea saa nzima. Weka namba za madereva wawili wanaojulikana mtaani, na namba ya ambulensi. Bodaboda ukiwa na mikazo, hapana.

## Hatua ya 7: Toka kliniki na tarehe iliyoandikwa

Nenda ukiwa na wiki 40 na siku chache, kabla ya 41. Weka daftari mezani, uulize haya kwa mpangilio:

1. "Daktari, leo nina wiki ngapi na siku ngapi, kwa hesabu ipi?"
2. "Maji na moyo wa mtoto vikoje?"
3. "Mlango una alama ngapi? Naweza kufanyiwa swipu leo?"
4. "Nikingoja, napimwa siku gani, na mwisho wa kungoja ni tarehe ngapi?"
5. "Nikianzishwa, mnatumia njia gani, na isipofanya kazi mnafanya nini?"

Jibu likiwa "rudi wiki ijayo", usiinuke. Sema: "Sawa daktari, naomba uniandikie tarehe, na kama uchungu haujaanza siku hiyo nitalazwa?" Sauti ya kawaida, bila ukali. Foleni ya nje itakufanya uone haya, kaa.

Na sahihi ya ridhaa ni yako. Baba watoto na mama mkwe wanashauri, lakini mwili ni wako na mama mwenye akili timamu ndiye anayetia sahihi.

Ukifaulu, utaondoka na mstari mmoja kwenye kijitabu, kwa mfano: kupimwa Ijumaa tarehe 18, kulazwa Jumanne tarehe 22. Piga picha mstari huo, umtumie mwenzako.

## Hatua ya 8: Siku ya kulazwa

Kula kabla ya kuondoka nyumbani, isipokuwa umeambiwa ni upasuaji. Beba chaja, maji, khanga mbili, pedi, nguo za mtoto na kitu cha kutafuna. Mwambie atakayekusindikiza asiombe ruhusa ya saa chache kazini: kwa mzazi wa kwanza mwenye mlango mgumu, kutoka dawa ya kwanza hadi mtoto inaweza kuwa siku nzima, hata mbili.

Kwanza moyo wa mtoto husikilizwa. Kisha mlango hulainishwa, kwa vidonge vidogo kwa saa kadhaa, au kwa katheta yenye puto linalojazwa maji na kuachwa hadi lidondoke lenyewe. Puto likidondoka, wengine hudhani kuna kitu kimeharibika. Hapana, mlango umefunguka. Baadaye maji hupasuliwa, na dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta mikazo, hupandishwa kidogokidogo.

Ita mhudumu mara moja mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika kumi, au isipokupa nafasi ya kupumua, au maumivu yakibaki palepale kati ya mkazo na mkazo. Piga kelele ikibidi.

Na duru ya kwanza isipozaa matunda, kama wewe na mtoto mko sawa, kupumzika na kurudia ni jambo la kawaida. Uliza kabla ya kutia sahihi ya thieta: "Ni mtoto amechoka, au ni muda tu umepita?" Mtoto akiwa amechoka, usibishane, ingia.

## Mtoto akishatoka

Aliyechelewa huja na sura yake. Yule mama wa skani iliyokunjwa alijifungua mchana wa pili, kawaida, msichana. Ngozi ya mikono na miguu ilikuwa kavu, inabambuka kama aliyeoga sana, hana ule utando mweupe wa watoto wapya. Bibi yake alitaka kuisugua kwa mafuta ya kupikia. Usisugue, hubambuka yenyewe kwa siku chache.

Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, kwa sababu waliochelewa huweza kuishiwa sukari haraka. Akitetemeka, akilegea au akikataa ziwa, mwite muuguzi. Kucha nazo zitakuwa ndefu, zimepita ncha za vidole. Zisikatwe kwa meno siku ya kwanza, kama alivyotaka kufanya bibi yuleyule. Mvishe soksi mikononi, ukalale.